Ukuta Mmoja Unatosha: Jinsi ya Kuwaringishia Wageni kwa Kopo Moja la Bluu

Rangi yenyewe unaijua hata kama hujawahi kuitaja. Ni bluu iliyoiva, nzito, yenye kijani kilichojificha ndani, ile ya shingo ya tausi anapogeuka juani. Uliiona kwenye ukumbi wa hoteli fulani, ukaiona tena kwenye simu, ukarudi nyumbani ukaitazama sebule yako ya krimu, moyo ukashuka.

Tulia. Sebule ya namna ile inapatikana kwa kopo moja la lita nne, rola moja na hila chache zisizomdhuru mtu. Kupaka nyumba nzima ni kazi ya fundi na pesa za mkopo. Kumfanya mgeni aamini kwamba nyumba nzima imependeza ni kazi yetu mimi na wewe, na inakwisha Jumamosi na Jumapili.

Naipenda rangi hii, na inaniuma kuiona ikiharibiwa na watu wenye pesa nyingi na haraka nyingi. Wanapaka kuta nne kwa mpigo, kisha wanawasha taa saa sita mchana. Ukuta mweupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Bluu hii hurudisha kama asilimia 10, na zile nzito zaidi hata chini ya hapo. Mwanga mwingine wote humezwa. Ukuta mmoja ukimeza mwanga, chumba kinapata kina. Kuta nne zikimeza, unanunua umeme wa LUKU kila baada ya siku mbili.

Kwa hiyo tunapaka kidogo, na tunapaka panapoonekana.

Hatua ya kwanza: kaa anapokaa mgeni

Toka nje, ingia tena kwa mlango wa mbele. Vua viatu. Jikaribishe. Kaa kwenye kochi lile ambalo mama mkwe hukalia akija, kisha tazama mbele bila kugeuza shingo. Ukuta unaouona hapo ndio utakaopakwa.

Kuta nyingine tatu ziko kisogoni mwa mgeni au pembeni mwa macho yake, na mtu mwenye adabu hageuki kukagua kuta za wenyeji wake. Adabu hiyo ndiyo mtaji wetu. Zifute vumbi, zibaki krimu au nyeupe kama zilivyo, maana ndizo zitakazorudisha mwanga ambao ukuta wa bluu utaumeza.

Katika nyumba nyingi ukuta huo ndio wenye runinga. Afadhali. Runinga iliyozimwa ni mstatili mweusi, na juu ya ukuta mweupe inaonekana hata ukiwa barabarani. Juu ya bluu nzito inapotea. Waya zake nazo zipake rangi hiyohiyo ya ukuta, brashi moja tu, zitapotea pia. Mgeni atasema sebule yako imetulia, wala hatajua ni kwa sababu gani.

Ukuta mmoja tu usiuguse: ule wenye dirisha. Mchana jicho linapambana na mwanga unaotoka nje, na bluu iliyo pembeni mwa dirisha inaonekana nyeusi tii. Ukuta unaotazamana na dirisha ndio bora kuliko wote. Na kama dirisha lako linaelekea magharibi, umebarikiwa: saa kumi na moja jioni jua la manjano linaingia chini chini, kile kijani kilichojificha kinajitokeza, na saa hiyo ndiyo wageni wanapoanza kufika.

Hatua ya pili: piga hesabu mara moja

Ukuta wa mita nne kwa mita 2.8 una mita za mraba 11 na ushee. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Rangi hii inataka mikono mitatu. Kopo la lita nne linatosha na hubaki zaidi ya nusu lita, ambayo tutaihitaji baadaye. Kuta zote nne zingekula makopo matatu au karibu na hapo. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kuingia dukani, kwa sababu ukishaingia, muuzaji ataifanya kwa niaba yako.

Hatua ya tatu: uchunguze ukuta usiku

Rangi nyeupe inasitiri. Bluu nzito inasema yote. Ukuta unaotoa chumvi, ule unaoacha unga mweupe kidoleni ukiugusa karibu na sakafu, utaonekana wazi ndani ya miezi michache. Miji ya pwani inalijua tatizo hili vizuri. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi au yanapenya ufa, yanabeba chumvi iliyomo kwenye tofali na lipu, yanakauka usoni mwa ukuta na kuiacha chumvi hapo. Hakuna rangi inayoizuia chumvi hiyo. Chumvi inaisukuma rangi tu mpaka ibanduke.

Chukua kipande cha nailoni chenye ukubwa wa gazeti, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, kisha lala. Kesho yake jioni kibandue. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta una maji. Usiupake. Ruka mpaka hatua ya plaiwudi, na usione haya. Huenda ukatoka na sebule nzuri kuliko yule mwenye ukuta mkavu.

Na kama lipu ni mpya, subiri wiki nne. Saruji mbichi ina ukali unaokula rangi. Zamani ukali huo ulikuwa unaibadilisha hata bluu yenyewe: bluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, haikustahimili chokaa. Bluu nyingi za leo hutokana na thalosianini ya shaba, iliyoingia sokoni mwaka 1935, na hiyo haitikiswi na saruji wala jua. Gundi inayoishika ukutani ndiyo inayoungua. Subiri tu.

Hatua ya nne: dukani, usimwamini mtu, hata macho yako

Usichague rangi kwenye kitabu cha rangi. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kilichozungukwa na karatasi nyeupe hakina cha kukuambia kuhusu ukuta wa mita nne. Nunua kopo dogo kuliko yote, paka ubao au boksi gumu mikono miwili, liache likauke, kisha uliegemeze kwenye ukuta wako. Litazame asubuhi, litazame alasiri, litazame usiku taa ikiwaka. Usihukumu rangi ikiwa mbichi: rangi ya maji huwa na weupe wa maziwa ikiwa haijakauka, na ikikauka inazidi kuwa nzito. Watu wengi huogopa wakiwa katikati ya kazi, wengine hufurahi mapema, na wote wamehukumu kabla ya wakati.

Ukibaki na mbili unazozipenda sawa, chukua ile iliyopoa zaidi, yenye kijivu kidogo ndani yake. Ile kali itakufurahisha wiki moja. Hii iliyopoa ndiyo inayoonekana ghali.

Changanyisha kwa mashine, na changanyisha yote siku moja. Usikubali mtu akuchanganyie kwa mkono kwa vile vichupa vya rangi kali. Thalosianini ina nguvu mno. Tone moja zaidi na kopo zima limehama kutoka tausi kwenda sare ya shule. Kijani chake ni cha ukoo huohuo wa kemikali, kilichoongezewa klorini tu, na nguvu yake ni ileile. Mashine inahesabu matone. Mkono wa mtu aliyeshinda njaa hauhesabu.

Kisha omba jambo ambalo wateja wachache huliomba: praima ya kijivu. Rangi nzito huchanganywa kwenye kopo ambalo halikutiwa ule unga mweupe wa titani unaozipa rangi nyingine uwezo wa kufunika. Ndiyo maana ni nzito, na ndiyo maana inapitisha kilicho chini yake. Ukiipaka juu ya krimu, utapiga mikono mitano na krimu bado itachungulia. Ukiipaka juu ya kijivu, mitatu inakutosha. Mchanganyaji atashangaa kidogo. Mwache ashangae.

Usiingie kwenye mng'ao mkali. Rangi isiyong'aa inasitiri mawimbi yote aliyoyaacha fundi wa lipu, lakini ikisuguliwa na bega la mtoto inaacha alama. Yenye mng'ao mdogo, ile inayoitwa silki, inafutika kwa kitambaa ila inaonyesha kila nundu. Nyumba yenye watoto wanaotambaa ipige skimu vizuri, kisha ichukue silki. Nyumba ya watu wazima ichukue isiyong'aa, ibaki na siri zake.

Hatua ya tano: uhusiano wako na fundi

Unaweza kupaka mwenyewe. Lakini kama una fundi, mheshimu, mlipe kwa mikono aliyopiga, na kaa karibu. Kutakuwa na mazungumzo haya, nakuhakikishia.

"Bosi, rangi hii inakunywa sana. Tuongeze maji kidogo."

"Fundi wangu, mkono wa kwanza weka maji kama kopo linavyosema. Mingine tupige hivihivi. Maji ya kunywa yako kwenye friji."

Basi, yameisha. Bluu nzito iliyochakachuliwa kwa maji inakauka kwa mabaka, na mabaka hayo huonekana vizuri zaidi jioni, mbele za watu. Mwambie pia rola isisimame katikati ya ukuta. Aanze kona moja, ashuke na kupanda, amalizie kona ya pili huku ukingo ukiwa bado mbichi. Chai ni baada ya ukuta.

Sasa hila ninayoipenda kuliko zote, maana inakufanya uonekane umeajiri fundi wa hoteli kubwa. Mgeni hapimi ubora wa rangi katikati ya ukuta. Anaupima kwenye mstari: pale bluu inapokutana na nyeupe, konani na chini ya dari. Mstari ukinyooka, kazi nzima imenyooka. Na kona za nyumba zetu, tuseme ukweli, hazijanyooka.

Kwa hiyo usiifuate kona. Vuta uzi wenye chaki kutoka juu hadi chini, uachie, ubandike tepu ya karatasi kwenye alama uliyoiacha, hata kama imeingia sentimita moja ndani ya ukuta. Kisha chukua rangi ya zamani, ile nyeupe au krimu iliyopo tayari, ipake juu ya ukingo wa tepu. Inapenya chini ya tepu na kuziba kila upenyo. Ikikauka, ndipo upake bluu. Ukibandua tepu, rangi ya mkono wa mwisho ikiwa bado mbichi kidogo, utaupata mstari uliokatwa kwa wembe. Jicho la mgeni litaamini mstari huo na kuilaumu kona, kama litaiona kabisa.

Chini ya dari fanya vivyo hivyo, ila shuka sentimita tano. Ukanda mweupe utakaobaki unaonekana umekusudiwa, na dari inaonekana imepanda.

Hatua ya sita: ruhusa

Kama nyumba ni ya kupanga, kuna mtu wa kuzungumza naye. Lakini kwanza sikiliza kisa cha mtu ambaye hakuzungumza naye.

Katikati ya miaka ya 1870, tajiri mmoja wa meli kutoka Liverpool, Frederick Leyland, alikuwa anatengeneza chumba cha kulia katika nyumba yake ya London, Prince's Gate. Alikuwa na vyombo vya kauri vya Kichina, bluu na nyeupe, na msanifu Thomas Jeckyll alikuwa amezifunika kuta kwa ngozi ya bei mbaya yenye nakshi ili vyombo vipate pa kukaa. Jeckyll akaugua. Mchoraji James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeishi London, akaombwa ushauri mdogo wa rangi. Leyland akarudi Liverpool kwenye biashara zake.

Whistler alibaki na chumba, ngazi na brashi. Kufikia mwaka 1877 ngozi yote ilikuwa imezama ndani ya bluu hii hii yetu, yenye kijani, na juu yake tausi wa dhahabu kwenye mbao za madirisha. Hakuomba ruhusa. Aliita watu waje kutazama, waandishi wa habari wakiwemo, ndani ya nyumba ambayo si yake. Kisha akaleta bili ya gini 2,000.

Leyland alikasirika, akakubali kulipa nusu, na akalipa kwa pauni badala ya gini. Gini ilikuwa na shilingi 21, pauni shilingi 20. Waungwana na wasanii walilipwa kwa gini, mafundi na wachuuzi kwa pauni. Tusi lilikuwa kwenye ile shilingi moja. Whistler akajibu kwa brashi: akachora ukutani tausi wawili wakipigana, na miguuni mwa mmoja wao sarafu zimetapakaa, ili tajiri awe anazitazama kila akila chakula cha usiku.

Na Leyland akafanyaje? Hakuupaka upya. Alikula ndani ya chumba hicho, mbele ya tausi wale, mpaka alipofariki mwaka 1892. Mwaka 1904 Mmarekani Charles Lang Freer alikinunua chumba kizima, kikafunguliwa vipande vipande na kuvushwa bahari. Leo kiko Washington kwenye jumba la makumbusho, na watu hupanga foleni kukiona.

Mimi nakisoma kisa hicho hivi: mwenye nyumba akiona bluu hii imekaa vizuri, haibandui. Ila Whistler hakuwa mpangaji. Alipata pauni 1,000 na ugomvi, na mwaka 1879 alifilisika. Wewe unataka kuendelea kulala hapo. Kwa hiyo omba, lakini omba kwa akili.

Omba siku uliyolipa kodi, ya miezi sita ikiwezekana. Usitamke "bluu." Sema, "Mzee, shikamoo. Naomba kuboresha ukuta mmoja wa sebule kwa gharama zangu, na nikihama nitaurudisha ulivyokuwa." Kila neno ni kweli. Akiuliza rangi gani, usieleze. Mpelekee ule ubao uliopaka na uuweke karibu na meza au mlango wa mbao. Rangi hii haielezeki kwa simu na haikataliki ana kwa ana. Na ahadi ya kuurudisha itimize: nyeupe juu ya bluu hii inataka praima nzuri ya kufunika na mikono miwili au mitatu, hivyo gharama yake iweke pembeni tangu leo.

Hatua ya saba: kama umekataliwa, au ukuta una maji

Nunua mbao tatu za plaiwudi, unene wa milimita 9. Kila moja ina upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44. Zikisimama bega kwa bega zinakupa karibu mita 3.7, yaani ukuta mzima wa sebule ya kawaida. Zipige msasa. Zipake pande zote mbili na kingo, hata upande usioonekana. Ukipaka upande mmoja tu, plaiwudi inavuta unyevu upande wa pili na kujikunja. Funga mirunda myembamba ukutani kwa skrubu chache, kisha zifunge mbao juu yake.

Sasa angalia ulichopata. Ukuta wa mwenye nyumba haujaguswa isipokuwa matundu machache. Nyuma ya mbao kuna nafasi, hewa inapita na ukuta wenye maji unapumua. Waya za runinga zimepita humo humo, hazionekani. Na kwa kuwa mbao zinaishia chini ya dari, kuna ukingo wa juu ambao nyuma yake unaweza kulaza utepe wa taa za LED. Ukiziwasha, mwanga unapanda ukutani bila mtu kujua unatokea wapi. Siku ya kuhama, unafungua skrubu na kuondoka na ukuta wako kwenye gari la mizigo.

Mwenye nyumba hakukataza samani.

Hatua ya nane: taa

Hapa ndipo wengi wanapoangushwa, tena kwa balbu ya bei rahisi. Balbu nyeupe kali, zenye namba 6,500 kwenye boksi, zinaifanya bluu hii iwe ya hospitali. Tafuta balbu yenye namba kati ya 2,700 na 3,000. Hizo ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga. Namba ikishuka mwanga unazidi kuwa wa manjano, na manjano ndiyo inayokiamsha kile kijani.

Zima taa ya katikati ya dari. Kabisa. Weka mbili za pembeni, moja chini karibu na kochi, moja ikiupiga ukuta kwa ubavu, ilimradi ukuta umepigwa skimu, maana mwanga wa ubavu hausamehe nundu.

Na alika watu saa ya magharibi. Mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkinje, aliona mwaka 1819 kwamba mwanga ukififia, nyekundu ndiyo inayoanza kufa machoni na bluu ndiyo inayodumu. Dakika zile kabla hujawasha taa, mito yako myekundu imeshakuwa myeusi, na ukuta wako unaonekana umewashwa kutoka ndani. Chelewa kidogo kuwasha taa. Mwambie mgeni unatafuta swichi.

Hatua ya tisa: vya kuweka mbele yake

Rangi hii ina rafiki mmoja mkubwa, na rafiki huyo anaota kwetu: mninga. Wekundu wa mninga, ule unaoelekea rangi ya chungwa, uko upande wa pili kabisa wa bluu-kijani kwenye duara la rangi, na viwili hivyo vikikaa pamoja kila kimoja kinaonekana kimezidi. Meza moja ya mninga mbele ya ukuta huu inatosha sebule nzima. Kama mninga umekushinda bei, nenda kwa maseremala wa Keko, Dar es Salaam, chukua meza ya msonobari wa Sao Hill, iombee rangi ya mbao na vanishi mpaka ifanane. Usijione tapeli. Nyumbani kwa George Washington, Mount Vernon, msonobari ulipakwa ufanane na mahogani, na mbao za nje zilipakwa rangi kisha zikarushiwa mchanga zionekane mawe, na watu wanalipa kiingilio kuziona.

Shaba nayo inaipenda. Sanduku la Zanzibar lenye misumari ya shaba, deli ya kahawa, hata sinia la bibi lililokuwa stoo. Kimoja, si vyote. Ukiweka vyote utaambiwa umefungua duka.

Mkeka wa ukindu, ndiyo. Kikapu, ndiyo. Maua ya plastiki, hapana, na kijani chake kitagombana na kijani cha ukuta. Picha ya Tingatinga hapo inawaka mno: zile rangi za mafuta alizoanza nazo Edward Saidi Tingatinga pale Oysterbay mwaka 1968 zilitengenezwa kung'aa, na bluu nzito inazisukuma mbele zaidi. Weka moja tu, na uipe nafasi. Vile vitambaa vya kufuma vya kochini vibaki kama ni vyeupe. Vinafanana na vyombo vya Leyland: nyeupe mbele ya bluu.

Hatua ya kumi: picha

Utapiga picha, usinidanganye. Simu ikiuona ukuta wa bluu hujaribu kuusahihisha, na picha inatoka imekuwa ya samawati. Weka kitu cheupe ndani ya fremu, kikombe au kitabu, gusa hapo kwenye kioo cha simu, kisha punguza mwanga kidogo. Piga ukiwa umekaa, kutoka kwenye kiti cha mgeni. Usizungushe video. Video inaonyesha kuta tatu.

Hatua ya mwisho: mgeni akisifia

Atasifia. Sema, "Ahsante, ilikuwa imechoka tu, tukaipaka." Usitaje kopo, usitaje bei, usitaje plaiwudi. Akiuliza nani alipaka, mpe namba ya fundi; naye ana haki ya kula. Akiuliza ni rangi gani, mwandikie namba ya mchanganyo bila choyo. Yeye atapaka kuta nne, na yako itaendelea kuwa nzuri zaidi.

Ile nusu lita iliyobaki mimina kwenye chupa ya kioo ijae mpaka shingoni ili isibaki na hewa, andika juu yake namba, duka na tarehe, uihifadhi mbali na joto. Mtoto akikwaruza ukuta, usichukue brashi. Doa la brashi juu ya ukuta wa rola linaonekana milele. Kata kipande cha rola ya zamani, chovya kidogo, gusa taratibu katikati ya mkwaruzo na ufifize kwenda nje. Fanya hivyo asubuhi, ili mpaka wageni wafike jioni iwe imekauka.